Joseph Dalton Hooker

Sir Joseph Dalton Hooker (Halesworth, Uingereza, 30 Juni 1817 – Sunningdale, Uingereza, 10 Desemba 1911) alikuwa daktari, msafiri na mtaalamu wa mimea kutoka nchini Uingereza. Aliongoza Bustani za Kew karibu na London kwa miaka 20 (1865–1885), na alikuwa rafiki wa karibu wa Charles Darwin.

Wapenda bustani humkumbuka hasa kama mtu aliyepeleka Ulaya rododendroni za milima ya Himalaya, vichaka na miti inayojaa maua mekundu, meupe, ya waridi na ya njano katika majira ya kuchipua. Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki ana umuhimu wa pili. Chini ya uongozi wake mimea mingi ya Tanzania, Kenya na Uganda ilipewa majina ya kisayansi huko Kew, ikiwemo mimea iliyokusanywa katika safari iliyopita Mgunda Mkali, sehemu ya mkoa wa Singida wa leo.

== Utoto na elimu ==

Joseph alizaliwa katika mji mdogo wa Halesworth, wilaya ya Suffolk. Alikuwa mtoto wa pili wa William Jackson Hooker na mkewe Maria Turner. Baba yake aliteuliwa kuwa profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, mwaka 1820, na Joseph alianza kuhudhuria mihadhara yake akiwa na umri wa miaka saba tu. Alisomea udaktari katika chuo hichohicho akahitimu mwaka 1839. Udaktari haukuwa shabaha yake. Wakati ule kijana asiye na mali aliyetaka kuona mimea ya nchi za mbali alihitaji kazi ya mshahara, na jeshi la majini liliajiri madaktari.

== Safari ya Antaktiki ==

Mwaka huohuo wa 1839 aliajiriwa kama daktari msaidizi kwenye meli ya Erebus, moja ya meli mbili za msafara wa nahodha James Clark Ross uliotumwa kuchunguza bahari ya kusini. Safari ilidumu miaka minne, hadi 1843. Akiwa mbali alipata habari kwamba kaka yake William amefariki huko Jamaika.

Hooker alikusanya mimea katika visiwa vya Kerguelen, Tasmania, Nyuzilandi, visiwa vya Falkland na kwingineko. Jambo moja lilimsumbua tangu hapo hadi uzeeni mwake: mimea iliyofanana au kukaribiana sana ilikuwa inaota kwenye visiwa vilivyotenganishwa na maelfu ya kilomita za bahari. Ilifikaje huko? Karibu kila kazi kubwa aliyoifanya baadaye, pamoja na ile ya rododendroni, inaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka swali hilo.

== Himalaya na Sikkim ==

Hooker aliondoka Uingereza tena Novemba 1847, safari hii kwenda Uhindi. Njiani alisafiri meli moja na Lord Dalhousie, aliyekuwa anakwenda kuchukua cheo cha gavana mkuu wa Uhindi, na urafiki huo ulimfungulia milango mingi. Mwezi Aprili 1848 alifika Darjeeling, mji wa mlimani ambao Waingereza waliupata kutoka kwa mfalme wa Sikkim mwaka 1835. Huko alikaribishwa na Brian Houghton Hodgson, mtaalamu wa wanyama na lugha za Nepal, na alitumia nyumba yake kama kituo cha safari zake kwa karibu miaka miwili.

Rododendroni chache za Himalaya zilikuwa zimejulikana Ulaya kabla yake, hasa Rhododendron arboreum yenye maua mekundu. Hakuna aliyejua wingi wa zile zilizobaki. Hooker aliona kwamba kila kimo cha mlima kina rododendroni zake. Katika misitu yenye ukungu juu ya Darjeeling aliikuta Rhododendron dalhousiae ikiota juu ya matawi ya mialoni, kama okidi zinavyoota juu ya miti katika misitu ya Usambara. Maua yake meupe ni makubwa kama ya yungiyungi na yana harufu ya limau. Jina alilolichagua lilikuwa heshima kwa mke wa gavana mkuu. Juu zaidi kulikuwa na Rhododendron falconeri, mti wenye majani makubwa ambayo upande wa chini una manyoya ya rangi ya kutu, halafu Rhododendron thomsonii yenye maua mekundu kama damu. Mahali pa juu kabisa, zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, alikuta Rhododendron nivale, kichaka kinachotambaa juu ya mawe na kuvumilia theluji.

Wenyeji hawakuihesabu mimea hiyo kuwa mapambo. Mbao za Rhododendron hodgsonii zilichongwa vikombe, vijiko na matandiko ya kupakia mizigo juu ya wanyama wa yak. Rododendroni nyingine waliijua kuwa sumu kwa mifugo, na wachungaji walijua ni ipi.

Hooker hakufanya kazi hiyo peke yake, ingawa vitabu vya zamani huandika kana kwamba alikuwa peke yake. Alisafiri na makumi ya wapagazi, wapishi, walinzi na wakusanyaji, wengi wao wa kabila la Walepcha, ambao walipanda miti kuchuma maua, walikausha karatasi za kuhifadhia mimea kwenye moto wakati wa mvua, na walimwonyesha mahali pa kutafuta. Marafiki na mabwana wa Kizungu walipewa heshima ya majina ya kisayansi: Hodgson, Thomson, Falconer, Dalhousie. Walepcha hawakupewa.

Michoro na mimea mikavu aliyotuma nyumbani ilifanyiwa kazi na baba yake, ambaye tangu 1841 alikuwa mkurugenzi wa Kew. Mchoraji Walter Hood Fitch alitengeneza picha 30 za rangi, na kitabu The Rhododendrons of Sikkim-Himalaya kilitolewa kwa sehemu tatu kati ya 1849 na 1851. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwandishi mwenyewe akiwa bado milimani.

== Kukamatwa kwake ==

Mfalme wa Sikkim, Tsugphud Namgyal, na waziri wake mkuu hawakupenda Mwingereza atembee na vyombo vya kupimia katika nchi yao na kuchora ramani. Sikkim ilikuwa na uhusiano wa karibu na Tibet, na Tibet haikutaka wageni mipakani. Hooker aliona vizuizi hivyo kuwa hila za waziri. Msomaji wa leo, hasa anayejua jinsi ramani za wasafiri zilivyotumika Afrika, ataelewa kwamba hofu ya waziri ilikuwa na msingi.

Mwaka 1849 Hooker alisafiri hadi mipaka ya kaskazini pamoja na Archibald Campbell, msimamizi wa Kiingereza wa Darjeeling, wakaingia Tibet bila ruhusa. Mwezi Novemba, karibu na mpito wa Cho La, watu wa waziri walimkamata Campbell na kumpiga. Hooker hakuwa amelengwa yeye mwenyewe, lakini alikataa kumwacha mwenzake, hivyo wote wawili walishikiliwa kwa wiki kadhaa. Waliachiwa huru Desemba baada ya vitisho kutoka upande wa Waingereza.

Malipo ya tukio hilo yalikuwa makubwa kuliko kosa. Mwaka 1850 Waingereza waliteka sehemu yote ya kusini ya Sikkim, pamoja na ardhi yenye rutuba ya tambarare, wakaacha pia kumlipa mfalme fedha za kila mwaka kwa ajili ya Darjeeling. Kwa hiyo safari iliyojaza maua bustani za Ulaya ilikuwa pia sababu ya ufalme mdogo kupoteza mashamba yake bora.

Mwaka 1850 Hooker alikwenda katika vilima vya Khasi pamoja na rafiki yake Thomas Thomson. Huko alikusanya okidi ya buluu, Vanda coerulea, mizigo ya watu saba kwa ajili ya Kew. Karibu yote ilikufa njiani. Alilieleza jambo hilo mwenyewe katika kitabu chake, na alilalamika pia kwamba wakusanyaji wengine walikuwa wanaivua misitu okidi zake. Alirudi Uingereza mwaka 1851. Masimulizi ya safari yake, Himalayan Journals, yalitoka mwaka 1854 na alimtolea Darwin heshima ya kitabu hicho.

== Rododendroni na azalea bustanini ==

Mbegu za rododendroni ni ndogo sana, karibu kama vumbi, hivyo zilisafiri vizuri kuliko mimea hai. Kew iligawa miche kwa wenye bustani kote Uingereza. Mwanzoni wengi waliipanda ndani ya nyumba za vioo wakidhani kila mmea wa Uhindi unapenda joto, kumbe mingi ilitoka mahali pa ukungu na baridi. Ilistawi nje katika Cornwall, pwani ya magharibi ya Uskoti na Eire, mahali penye mvua nyingi na baridi isiyo kali. Nyingine zilichukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza, na waliozipanda hawakuona maua yote waliyoyatarajia.

Mahitaji ya rododendroni yanatokana na maisha yake ya mlimani. Mizizi yake ni myembamba, mingi, na hukaa karibu na uso wa ardhi. Kwa sababu hiyo haipandwi kwa kina: shina likifukiwa mmea hudhoofika, na jembe likipita karibu nalo hukata mizizi. Udongo unapaswa kuwa na asidi, mboji nyingi na njia ya maji kupita. Udongo wenye chokaa huuzuia mmea kupata chuma, na majani hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Matandazo ya majani makavu huhifadhi unyevu bila kuhitaji kulima. Baada ya maua kunyauka, mtunza bustani huyavunja kwa vidole kabla hayajafanya mbegu, ili nguvu ya mmea iende kwenye machipukizi ya mwaka unaofuata. Machipukizi hayo hukaa chini kidogo tu ya ua lililokauka, hivyo kazi hiyo haifai kufanywa kwa haraka.

Azalea ni sehemu ya jenasi hiyohiyo. Carolus Linnaeus aliziweka mbali mwaka 1753, lakini wataalamu wa baadaye waliziunganisha. Kwa kawaida ua la azalea lina stameni tano na rododendroni nyingine zina kumi au zaidi. Azalea nyingi ni vichaka vidogo, na baadhi yake hupukutisha majani wakati wa baridi.

Rododendroni za Hooker zilikuwa wazazi wa machotara mengi. Linalojulikana zaidi ni kundi la Loderi, lililotokana na Rhododendron griffithianum ya Himalaya na Rhododendron fortunei ya Uchina, ambalo Sir Edmund Loder alilizalisha huko Leonardslee, kusini mwa Uingereza, mwaka 1901. Maua yake ni makubwa, meupe au ya waridi hafifu, na yana harufu nzuri.

Upande mwingine wa habari ni Rhododendron ponticum. Hooker hakuileta hiyo. Ilifika Uingereza mwaka 1763. Lakini ilitumika sana kama shina la kubebeshea aina dhaifu na machotara. Mara nyingi shina hilo lilichipua lenyewe na kuua kilichobebeshwa. Leo imevamia misitu ya Uingereza na Eire, kivuli chake kizito huzuia miche mingine kuota, na gharama ya kuing'oa ni kubwa. Majani ya rododendroni yana sumu kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, na asali inayotokana na maua ya aina kadhaa huweza kumlewesha na kumdhuru mtu.

Hakuna rododendroni ya asili Afrika. Ndugu zake wa karibu zaidi hapa ni jenasi Erica ya familia hiyohiyo, ambayo spishi zake nyingi ziko Afrika Kusini na nyingine hufanya ukanda mzima wa vichaka juu ya misitu ya Kilimanjaro na Meru. Katika tropiki azalea hufaa tu kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, unyevu na udongo wa asidi. Singida, yenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya ukavu, hailingani na mizizi ya namna ile. Anayetaka kuijaribu huko aiweke kwenye chungu, kivulini, na awe na maji ya mvua ya kutosha mwaka mzima.

== Urafiki na Darwin ==

Mwezi Januari 1844 Darwin alimwandikia Hooker barua akimfunulia kwamba ameanza kuamini kuwa spishi hubadilika. Hooker alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuelezwa jambo hilo. Hakukubali mara moja. Kwa miaka 15 alimpa Darwin takwimu za mimea, alimpinga, alimsahihisha, na mwishowe alishawishika. Tarehe 1 Julai 1858 yeye na Charles Lyell ndio waliowasilisha maandishi ya Darwin na Alfred Russel Wallace mbele ya Jumuiya ya Linnaeus mjini London. Mwaka 1860 alimtetea Darwin hadharani katika mjadala maarufu wa Oxford.

Mwaka 1851 Hooker alimwoa Frances Henslow, binti wa mwalimu wa zamani wa Darwin. Walipata watoto saba. Binti yao Minnie alifariki mwaka 1863 akiwa na miaka sita, na Darwin, ambaye naye alikuwa amempoteza binti, alikuwa mtu wa kwanza ambaye Hooker alimwandikia. Frances alifariki mwaka 1874. Miaka miwili baadaye Hooker alimwoa Hyacinth Jardine, wakapata wana wawili.

== Mkurugenzi wa Kew ==

Hooker alikuwa mkurugenzi msaidizi tangu 1855, akamrithi baba yake mwaka 1865. Pamoja na George Bentham aliandika Genera Plantarum (1862–1883), kitabu kilichopanga upya jenasi zote za mimea ya mbegu zilizojulikana. Alisimamia pia Flora of British India, juzuu saba. Alikuwa rais wa Royal Society kuanzia 1873 hadi 1878. Aligombana vikali na waziri Acton Ayrton, aliyetaka Kew iwe bustani ya matembezi tu, na katika ugomvi huo Hooker alishinda.

Kew ya wakati wake ilikuwa pia ofisi ya uchumi wa dola. Mwaka 1876 Henry Wickham alileta kutoka Brazil mbegu zipatazo 70,000 za mpira. Chache ziliota, na miche ikatumwa Sri Lanka na Singapuri. Mashamba yaliyotokana nayo yaliua biashara ya mpira wa porini wa Amazon, na baadaye pia ile ya mpira wa mitambazi wa Afrika.

== Mimea ya Afrika ==

Hooker alifika Moroko mwaka 1871 na kupanda milima ya Atlas, lakini Afrika kusini mwa Sahara aliijua zaidi kwa mimea mikavu iliyofika mezani pake. Mwaka 1863 alieleza Welwitschia mirabilis, mmea wa ajabu wa jangwani kutoka Angola wenye majani mawili tu yanayokua maisha yake yote. Mwaka 1864 alitoa maelezo ya mimea iliyokusanywa na Gustav Mann kwenye milima ya Kamerun, akaonyesha jinsi ilivyo karibu na mimea ya nyanda za juu za Ethiopia, ng'ambo ya pili ya bara.

Mkusanyo muhimu kwa Tanzania ulikuwa wa James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria na mto Naili. Msafara wao ulipita Ugogo na kuvuka Mgunda Mkali, nyika kavu ya vichaka iliyoogopwa na wapagazi, ambayo sasa iko hasa katika maeneo ya Manyoni na Itigi, mkoa wa Singida. Huko walipatwa na mafuriko, njaa na kutorokwa na wapagazi kabla ya kufika Kazeh (Tabora) Januari 1861. Mimea ya Grant ilipelekwa Kew na kuchapishwa kati ya 1872 na 1875 kwa kazi ya Daniel Oliver, msimamizi wa mkusanyo wa mimea mikavu chini ya Hooker. Oliver alianza pia Flora of Tropical Africa, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1868.

Mwaka 1885 Hooker mwenyewe aliandika kuhusu mtawanyiko wa mimea iliyoletwa na Joseph Thomson kutoka milima ya Afrika ya Mashariki. Lilikuwa swali lilelile la visiwa vya kusini, ila safari hii visiwa vilikuwa vilele vya milima na bahari ilikuwa nyika ya joto.

John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar na mpenzi mkubwa wa mimea, alimtumia Hooker mimea mingi. Mmoja ulikuwa mmea laini wa kivulini wenye maua mekundu. Mwaka 1882 Hooker aliuita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Ulienea haraka madirishani na bustanini duniani kote, na kwa idadi ya waliouotesha huenda umeshinda rododendroni zake zote.

== Miaka ya mwisho ==

Baada ya kustaafu mwaka 1885 Hooker aliishi Sunningdale, katika nyumba yenye bustani aliyoipanda mwenyewe. Mwaka 1907 alipewa nishani ya Order of Merit. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa amepita umri wa miaka 80 na kisha 90, alishughulikia hasa jenasi Impatiens. Ni kazi ngumu, kwani maua yake ni laini na yakikaushwa hugandamana kiasi cha kutotambulika. Hooker aliyalowesha na kuyafungua moja moja chini ya lenzi. Aliendelea nayo karibu hadi kifo chake, tarehe 10 Desemba 1911.

Ilipendekezwa azikwe Westminster Abbey karibu na Darwin, lakini mjane wake alikataa, naye akazikwa kando ya baba yake kwenye kanisa la Mtakatifu Anne huko Kew.

Katika maandishi ya sayansi jina lake hufupishwa kuwa Hook.f., ambapo herufi ya mwisho inasimama kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwana, ili asichanganywe na baba yake. Impatiens sultani sasa huhesabiwa kuwa spishi moja na ile aliyoieleza mapema zaidi, mwaka 1868, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller aliyepinga biashara ya utumwa. Kwa hiyo kibao cha mmea huo bustanini huandikwa Impatiens walleriana Hook.f.